Lita Moja Isiwe na Bei Mbili

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya ukoo wetu kutoa hesabu ya fedha za msiba. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wa kamati, kazi ambayo kwa kawaida hupewa mtu aliyechelewa kufika kwenye kikao. Sanda, jeneza, turubai, mchele, gari la kukodi, mafuta ya kwenda Morogoro na kurudi, yote niliyasoma na yote yakapita bila neno. Nilipofika kwenye mstari mwingine uliosema tena "mafuta", mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango akainua mkono. "Mafuta ya Morogoro tumeyasikia, mwanangu," akasema. "Haya ya pili yalikwenda wapi?"

Nilikosa jibu la haraka, kwa kuwa mafuta yale hayakwenda popote. Yalibaki Dar es Salaam, uani mwa kampuni iliyotukodisha gari, nasi tuliyalipia kwa bei ambayo hakuna kituo cha mafuta katika Jamhuri hii kinachoruhusiwa kuitoza. Ndiyo maana nimeona nishike kalamu. Wanaokodi magari siku hizi si watalii peke yao. Wananchi wa kawaida hukodi kwa ajili ya harusi, misiba, safari za kupeleka posa na kazi za ofisi wilayani, na wengi wao hutoa dhamana bila kujua kwamba sehemu yake imekwisha kuondoka siku ile ile walipotia saini.

Mambo yalikuwa hivi. Tulikodi gari aina ya Noah, lenye tangi la lita 60, kutoka kampuni moja yenye ofisi kandokando ya Barabara ya Nyerere, si mbali na uwanja wa ndege, maana baadhi ya ndugu walikuwa wakija kwa ndege kutoka Mwanza. Tulikabidhiwa gari tangi likiwa limejaa, na sharti lilikuwa tulirudishe likiwa limejaa. Sharti hilo ni la haki, sina ugomvi nalo. Tukaenda, tukazika, tukarudi Jumapili. Nilijaza tangi Mlandizi, pampu ikakatika yenyewe, nikachukua stakabadhi na kujipongeza kwamba nimemaliza wajibu wangu. Kutoka pale hadi kwa wenye gari ni kilomita 60 hivi, na ndani ya kilomita hizo imo foleni ya Jumapili jioni ambayo mkazi yeyote wa Kimara ataieleza vizuri kuliko mimi. Tulipofika, mshale wa geji ulikuwa umeshuka mstari mmoja.

Binti aliyekuwa kaunta aliniamkia kwa adabu, akatuma kijana akasome geji, kisha akaandika kwenye karatasi: pungufu, robo tangi. Nikamwambia, "Binti yangu, hiyo si robo. Ni nusu ya robo, na hata hiyo haifiki." Akajibu kwamba kampuni haina kipimo cha nusu ya robo. Kipimo chao kidogo kuliko vyote ni robo, na pungufu lolote huhesabiwa kuwa robo. Basi tukatozwa lita 15 mahali pa lita 7. Bei ya kila lita ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya kituoni, na juu yake ikawekwa ada iliyoitwa huduma ya kujaza. Piga hesabu, ndugu msomaji. Lita 15 kwa bei maradufu ni sawa na fedha za lita 30, kabla ada haijaongezwa, ili kurudisha lita 7 tu. Tulilipa zaidi ya mara nne.

Lililoniuma zaidi si hilo. Kupitia dirisha la ofisi ile, ng'ambo ya barabara, kilionekana kituo cha mafuta, na bango lake la bei lilikuwa limekwisha kuwashwa taa. Shemeji yangu akaomba tupewe dakika kumi tu, avuke akajaze. Binti akasema, na nadhani alisema kwa huruma ya kweli, "Samahani baba, gari limekwisha kupokelewa kitabuni. Likishapokelewa halitoki tena kwa mkataba huu." Tukabaki tumesimama pale tukilitazama bango. Fedha zilizokatwa katika dhamana zilikuwa zimepangiwa kazi, kwa sababu kamati ilikwisha kuamua kwamba dhamana ikirudi apewe mjane yote, kwa ajili ya sare na madaftari ya watoto.

Sasa tazama jinsi lita hiyo hiyo inavyolindwa kabla haijafika kwa mwenye gari la kukodisha. Petroli na dizeli tunayotumia nchini huagizwa kutoka nje. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei za kikomo kwa Tanzania Bara, mji kwa mji na wilaya kwa wilaya, kwa kuwa lita iliyoshushwa bandarini ikasafirishwa hadi Kigoma haiwezi kuwa na gharama sawa na lita inayouzwa Kurasini. Kwa Zanzibar kazi hiyo hufanywa na ZURA. Mwenye kituo ana ruhusa ya kuuza chini ya kikomo, hana ruhusa ya kuuza juu yake. Anatakiwa aweke bango la bei mahali linapoonekana na kila mpita njia, na ampe mnunuzi stakabadhi inayotoka kwenye mashine. Wale waliokuwa watu wazima katika miaka ya mwanzo ya 1980 wanakumbuka jinsi gari binafsi lilivyokuwa haliruhusiwi kutembea Jumapili alasiri bila kibali, kwa sababu taifa lilikuwa limepungukiwa fedha za kigeni za kununulia mafuta. Lita ya mafuta kwetu haijawahi kuwa kitu cha kuchezea.

Lakini lita hiyo ikivuka lango la kampuni ya kukodisha magari, ulinzi wote huo unaishia langoni. Bango hakuna, kikomo hakuna. Pampu haipo, kwa hiyo hakuna stakabadhi ya pampu, ila karatasi ya kaunta tu. Ukiuliza, unaambiwa kwamba kampuni haiuzi mafuta, inauza huduma. Katika enzi za Tume ya Bei, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, mwenye duka ambaye angeuza sukari maradufu kwa madai kwamba anauza huduma ya kuifunga kwenye karatasi angeitwa mlanguzi, na jina hilo lingemkaa.

Tuwe wa haki kwa pande zote mbili. Gari likirudi na nusu tangi, lazima mtu wa kampuni aache kazi nyingine, alipeleke kituoni, apange foleni, alipe, alirudishe, na pengine mteja mwingine amekwisha kusimama na mabegi yake akilisubiri. Kazi hiyo ina gharama, na anayestahili kuibeba ni mteja aliyeshindwa kutimiza ahadi. Hilo silipingi. Ninalolipinga ni kuchanganya vitu viwili katika bei moja. Mafuta yatozwe kwa bei ya bango, na kazi ya kuyafuata itozwe ada yake, iandikwe kwa shilingi, mteja aijue kabla ya kupokea ufunguo. Ada ikisimama peke yake kila mtu ataipima: je, dakika ishirini za dereva zina thamani hii? Ikifichwa ndani ya bei ya lita haipimiki, na hapo ndipo unyonyaji unapopata pa kujificha. Vivyo hivyo kwa kipimo cha robo. Mtu akikuuzia kitambaa yadi mbili akakutoza yadi nne kwa kuwa rula yake haina alama nyingine, kosa ni la rula, wala si lako.

Ugonjwa huu haukuanzia kwetu. Huko Ulaya na Marekani, ambako biashara ya kukodisha magari imekomaa zaidi, wameujua kwa muda mrefu, na wamejua sura zake nyingine. Ipo ile ya kumuuzia mteja tangi zima mapema. Anaambiwa kwa upole kwamba hana haja ya kuhangaika kutafuta vituo siku ya safari, arudishe gari hata likiwa tupu. Katika miji ya utalii ya Uhispania mtindo huu ulienea na kulalamikiwa sana. Chukua gari lenye tangi la lita 50 linalotumia lita 10 kwa kilomita 100. Mgeni akizunguka kilomita 200 katika likizo yake, ametumia lita 20 na kuacha 30, na kwa hizo 30 harudishiwi hata senti. Mteja wa kesho yake anauziwa tangi hilo hilo likiwa zima, pamoja na lita 30 zilizolipiwa jana. Mkataba wa namna hii humfaa mtu mmoja tu, yule atakayerudisha gari likiwa karibu tupu kabisa, na nani ana moyo wa kuendesha gari tupu kuelekea uwanja wa ndege huku saa ya ndege inakaribia?

Marekani bei huandikwa kwa galoni, na galoni yao ni lita 3.785. Ndugu zetu wanaokwenda huko kwa masomo au mikutano huona tarakimu, huifananisha na lita bila kujua, na wakati mwingine huikubali au kuikataa bei kwa sababu isiyo yake. Huko zimekuwapo pia kampuni zilizomtoza ada maalumu mteja aliyeendesha chini ya maili 75, hata kama alijaza tangi, endapo hakuonyesha stakabadhi ya kituo. Ukimaliza safari fupi huko, basi, stakabadhi ndiyo ngao yako.

Ulaya walichukua hatua. Mwaka 2015, baada ya malalamiko mengi, Tume ya Ulaya pamoja na mamlaka za kuwalinda walaji za nchi wanachama, zikiongozwa katika shauri hilo na mamlaka ya Uingereza, zilikaa na kampuni tano kubwa, yaani Avis, Enterprise, Europcar, Hertz na Sixt. Miongoni mwa ahadi zilizotolewa ni kwamba mteja apewe daima nafasi ya kuchukua gari tangi likiwa limejaa na kulirudisha likiwa limejaa, badala ya kulazimishwa kununua tangi zima. Januari 2017 ikatangazwa kwamba kampuni hizo zimebadili mwenendo wao. Mteja mmoja mmoja aliyekuwa akinung'unika kaunta asingeweza kulipata hilo hata kwa miaka mia.

Na sisi chombo tunacho. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, nayo haikuishia kwenye mambo ya wafanyabiashara kushindana wao kwa wao. Inakataza pia kumpotosha mlaji na kumfanyia mambo yasiyo ya haki. Naomba Tume izitazame karatasi hizi za kukodishia magari, tena izitazame kwa macho ya mtu aliyesimama kaunta usiku, amechoka, ametoka kuzika. Mkataba wetu ulikuwa wa Kiingereza. Kifungu cha mafuta kilisema kwamba mteja atatozwa "kwa viwango vya kampuni", na viwango vyenyewe vilikuwa kwenye karatasi nyingine iliyobandikwa ukutani, nyuma ya kiti cha binti. Iandikwe kwa Kiswahili, juu ya mahali pa kutia saini: lita moja ni shilingi kadhaa, ada ya kujaza ni shilingi kadhaa, pungufu litapimwa kwa lita zilizoingia kituoni na stakabadhi yake ataonyeshwa mteja. Mistari mitatu. Haihitaji bajeti.

Wakati hayo yakisubiriwa, mteja asikae mikono mitupu. Kabla hujatoa dhamana, tafuta hicho kifungu cha mafuta ukisome, hata kama nyuma yako kuna watu wanaokohoa kwa kukosa subira. Uliza bei ya lita, uliza ada, uliza kipimo chao ni lita au ni robo. Mimi niliyewahi kufundisha watu wazima kusoma sikuuliza hata moja.

Gari likikabidhiwa, liwe mahali tambarare na injini imewashwa, kisha piga picha ya geji kwa simu yako pamoja na tarakimu za kilomita. Mafuta huchezacheza tangini, na gari lililoegeshwa mteremkoni linaweza kuonyesha zaidi au pungufu bila tone kuongezeka wala kutoka. Halafu mshale wa geji hauna uaminifu wa mizani. Katika magari mengi hukaa palepale juu kwa makumi ya kilomita baada ya kujaza, kisha huporomoka upesi. Kwa hiyo mshale uliosimama juu haukuhakikishii kwamba tangi limejaa, na mpokeaji mwerevu analijua hilo.

Siku hiyo hiyo ya kuchukua gari, kabla hujaingia barabara kuu, tazama ni kituo gani kilicho karibu kuliko vyote na ofisi ya wenye gari, ukaulize hufungwa saa ngapi. Hapo ndipo pa kujazia siku ya kurudi, kisha uende moja kwa moja hadi langoni. Kosa langu lilikuwa Mlandizi. Pampu ikikatika yenyewe inatosha, usimruhusu mhudumu aendelee kushindilia hadi shingoni mwa tangi. Stakabadhi iwe na saa, lita na jina la kituo, na uitunze hadi dhamana irudi yote mkononi mwako. Usikabidhi ufunguo kabla wewe na mpokeaji hamjasoma geji pamoja. Gari likiwa bado halijaandikwa kitabuni, ng'ambo ya barabara bado ni karibu.

Magari mengi ya watu binafsi hapa kwetu hayakabidhiwi tangi likiwa limejaa. Unaambiwa urudishe kama ulivyolikuta, na hapo ndipo watu hupoteza kwa upande wa pili. Niliwahi kupewa gari Paje likiwa na mafuta ya kunifikisha kituoni tu. Kwa woga wa kukwama nikajaza tangi zima, katika kisiwa ambacho urefu wake haufiki kilomita 100, kwa siku mbili za kutembea. Nilimwachia mwenye gari zaidi ya nusu tangi, naye akanishukuru kwa tabasamu ambalo nililielewa baadaye. Dawa yake ni hesabu ya darasa la nne. Kilomita ulizokwenda zigawe kwa kilomita ambazo gari hilo huenda kwa lita moja. Ukienda kilomita 400 kwa gari linalokwenda 10 kwa lita, umetumia 40, basi rudisha 40. Nunua kwa lita, usinunue kwa jicho. Na kabla ya kununua hakikisha ni petroli au ni dizeli, maana kibandiko huwa ndani ya kifuniko cha tangi, na mtu aliyetia dizeli kwenye injini ya petroli atazililia siku alizokuwa akilalamikia bei ya lita. Ukiwa hujui hata kifuniko kiko upande gani, tazama geji. Kwenye magari mengi pembeni ya picha ya pampu kuna pembetatu ndogo inayoelekeza upande huo. Alama hiyo ilipendekezwa mwaka 1986 na Jim Moylan, mfanyakazi wa Ford, na sidhani kama kuna mhandisi mwingine aliyewaokolea wakodi magari aibu nyingi kiasi hicho kwa alama ndogo kiasi hicho.

Nirudi kwa ukoo. Yule mzee wa mlangoni nilimweleza yote, pamoja na bango la ng'ambo ya barabara. Alisikiliza, akauliza ni nani aliyechagua kujaza Mlandizi. Nikasema ni mimi. Kiasi kilichokatwa nikakitoa mfukoni mwangu pale pale, mjane akapewa dhamana nzima kama ilivyoamuliwa, na mstari wa pili wa mafuta ukafutwa katika daftari. Kampuni nimeiandikia barua na kuipeleka kwa mkono. Sikuomba kurudishiwa fedha. Nimeomba kuonyeshwa stakabadhi ya kituo, inayotaja ni lita ngapi zilizoingia katika gari lile usiku ule, na kwa bei gani kila moja. Barua ilipokelewa na binti yule yule, akaigonga muhuri na kunipa nakala.